Rafu ya Kwanza ni ya Mto

Bi Fehr, wakala, hakuja na tepu ya kupimia.
Alikuja na kalenda,
akaitandaza juu ya meza ya mama
na kutua kikombe chake cha kahawa juu ya Januari
kama anayekanyaga mende.
"Huu hapana. Huu pia hapana."
Kidole kikaruka theluji yote, kikaruka tope,
kikatulia penye wiki ya kwanza ya Juni.
"Hapa. Mtufaha wa mbele utakuwa umechanua,
shule zinakaribia kufungwa, wenye watoto wanasaka vyumba.
Mtu akishaona ua, hatazami bomba."

Kaka yangu Bohdan akaitikia kwa kichwa.
Nami nikaitikia.
Sote wawili tulikuwa tunaiwaza Aprili.

Aprili ndio mwezi ambao nyumba hii husema.
Mto Assiniboine huvimba, barafu hupasuka usiku kwa kishindo,
na maji hupenya sakafu ya chumba cha chini
kwenye ufa wenye umbo la herufi Y.
Kila Julai baba aliupaka rangi ya kijivu.
Kila Machi mama alipandisha chupa za matango ya siki.
"Rafu ya kwanza ni ya mto," alitufundisha,
kama wengine wanavyofundishwa kunawa mikono.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
wahenga walisema.
Hawakutaja mwezi.

Nje, kando ya gari lake, Bohdan alipiga hesabu
huku pumzi ikimtoka kama moshi:
kati ya Aprili na Juni kuna dola elfu kumi na nane.
Ni miezi mitano ya mama kule makao ya wazee,
chumba chenye dirisha.
"Juni saruji imekauka, Orysia. Hatumdanganyi mtu.
Tunanyamaza tu."
Sikumjibu. Elfu kumi na nane ni nyingi,
na meno yangu mawili nayo yananidai.

Jumapili nilimpelekea mama supu ya bitiruti.
Jina langu lilikuwa limempotea. Akanishika kiganja:
"Chupa mmezipandisha?"

Nikampigia simu Bi Fehr.
Tarehe kumi na tisa Aprili
kibao kikasimama kwenye tope, kimeinama kidogo.
Watu watatu walishuka ngazi, wakapanda upesi.
Wa nne alikuwa Rodelio Macaraeg, mpishi wa hospitali;
mkewe Jovelyn, mimba ya miezi saba, akabaki ngazini.
Rodelio akavua viatu, akakunja suruali,
akasimama ndani ya maji ya barafu akisikiliza pampu
kama daktari anavyosikiliza kifua.
Hakuuliza bei. Aliuliza, "Hupanda mpaka wapi?"
Nikamwonyesha rafu.
Akamwambia mkewe neno kwa lugha yao, wakacheka.
"Kwetu," akanieleza, "yalifika kitandani."

Walitoa bei pungufu kwa elfu ishirini na moja.
Bohdan hakunipigia simu mpaka Agosti.
Siku nyingine najiambia nilitenda haki.
Siku nyingine, nikilipa bili ya mama,
naona nilitaka tu mtu aione nyumba ilivyo
kabla haijawa ya wengine,
na tamaa hiyo niliilipia kwa pesa za watu watatu.

Juni nilipita pale.
Mtufaha ulikuwa umechanua mpaka aibu.
Jovelyn, mtoto begani, akaniita nichukue barua za mama.
Mlango wa chini ulikuwa wazi, nikachungulia:
mchele, siki, mchuzi wa samaki,
makopo ya maziwa ya mtoto,
vyote vimepangwa
kuanzia rafu ya pili.